Nyumba ya Suleimani

Yerusalemu, 14 Januari 1985

Baba mpendwa,

U mzima? Mama je, kifua kimetulia? Mimi miguu imeshapona.

Kuna jambo linanichoma. Niliwaomba wenyeji wanipeleke kwenye nyumba ya Suleimani, hekalu letu sisi Wayahudi ulilotufundisha tangu utotoni, yenye makuhani na moshi wa sadaka usiokatika. Mmoja akasema, "Dada, nani kakudanganya? Ilichomwa, ikajengwa tena, ikachomwa mara ya mwisho karibu miaka elfu mbili iliyopita."

Wasichana wa bwenini wakacheka. Nami nikacheka. Nikasema, "Ni kizee fulani cha kijijini, hakijui kitu." Sikusema ni baba yangu. Nisamehe.

Binti yako,
Enatnesh

Kijijini, Gondar, 2 Juni 1985

Mwanangu Enatnesh,

Hujambo? Sisi tunapumua.

Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, nikashindwa kuijibu. Mimi nilifundishwa na baba yangu, naye na babake. Kila asubuhi watoto kumi na wanane hukaa mbele yangu, nawasomea habari za Ibrahimu na Musa. Tukimfikia Suleimani nafunga kitabu, nasingizia macho.

Mlitembea hadi Sudani mkiiendea nyumba hiyo kwa neno langu. Mdogo wako Takele ulimzika njiani kwa neno hilohilo. Mama yako hajui kwamba ilichomwa. Yeye hujifariji kwamba angalau mmoja wenu anaiona nyumba hiyo.

Baba yako,
Kuhani Negusse

Yerusalemu, 20 Agosti 1985

Baba,

Salamu kwenu nyote. Nimewaambia wasichana kwamba yule mzee ni baba yangu. Hawakucheka, ila mimi sikuweza kuwatazama. Tafadhali waambie watoto ukweli, na Mama pia.

Binti yako,
Enatnesh

Kijijini, Gondar, 28 Novemba 1985

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nimewaambia, mama yako akiwa amekaa nyuma yao.

Workitu, binti wa mfinyanzi, akauliza, "Kuhani, kumbe ulikuwa unatudanganya?"

Nikamjibu, "Kwanza nilikuwa sijui. Halafu nikajua, nikanyamaza miezi saba. Hiyo miezi saba ndiyo niliyowadanganya."

Kesho yake walikuja wanne tu. Nikawafundisha hao wanne jinsi nyumba ilivyochomwa.

Mama yako hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne akaniuliza, "Takele alikufa akijua?"

Nikasema, "Hapana. Alikufa akiamini anaiendea."

Akaniwekea chakula. Sijui kama ndiyo msamaha. Nilikula bila kuinua macho.

Baba yako,
Negusse