Jogoo Uliyewekewa Sidab

Mdogo wangu mpenzi,

Video yako ya kuku kwenye theluji nimeiona. Uliituma kwenye kundi la familia Ijumaa mchana, na mpaka magharibi kila mtu alikuwa keshakusifu. Shangazi aliandika mashaallah mara tatu. Mimi sikuandika kitu, ingawa uliniuliza kwa jina mbele ya watu wote: "Dada, mama alikuwa akipaka nini vilemba vya kuku vikiumia?" Nimeona nikujibu kwa barua, na wala sijali ikisomwa na nani.

Kwanza nikusifu, nisije nikaitwa mwenye roho mbaya. Kuku wako wametunzwa. Banda umelinyanyua kutoka chini, umelitandikia majani makavu, na juu umeacha tundu unyevu utoke. Mbao wanayolalia umeiweka pana, wakikaa tumbo linafunika vidole visigande. Jioni unawapa mahindi walale na joto tumboni, na maji unawabadilishia kutwa kwa kuwa yanageuka barafu. Na wao wamejitutumua manyoya hata wanaonekana wanene, kila mmoja kasimama kwa mguu mmoja na wa pili kauficha. Mara ya kwanza nilitazama huku natabasamu.

Nilikumbuka joto la Juni za kwetu hapa Sidab. Kuku wa mama wakianza kutanua mabawa na kuhema midomo wazi, alikuwa akitutuma kwa wavuvi tuombe barafu ya samaki. Tuliibeba kwenye beseni, mimi upande huu wewe ule, mbio mpaka nyumbani, na tukifika imebaki kipande kama sabuni ya kuogea. Hicho hicho tunakitia kwenye maji ya kuku, na magunia tunayarowesha na kuyatundika kwenye wavu wa banda. Ulikuwa na miaka saba siku joto lilipomuua yule tetea wa madoa. Ulilia, ukakataa kula, mama akakupakata. "Khalas babaangu, nyamaza. Ntakulelea mwengine." Leo mtoto yule anavunja barafu kwenye maji ya kuku huko Uswidi. Ningeicheka hadithi hii na wewe mpaka kesho, kama usingemnyanyua yule jogoo.

Ulimnyanyua kutuonyesha kuwa miguu yake haijaganda. Ukasema kwa ile sauti yako tamu, "Hawa nimewaanza msimu huu tu, najaribu." Na mimi nikauona ule mwiba wa nyuma ya mguu wake. Hivi ulisahau unazungumza na nani? Jogoo wa msimu mmoja ana kijipele tu pale. Mwiba wa huyo wako una urefu wa kidole changu cha shahada, na ncha imeshapinda. Nikaisimamisha video, nikatazama kilemba. Ncha zake hazipo, na pale zilipokatika pamepona zamani, pamekuwa laini. Baridi iliyomla si ya mwaka huu. Nikatoka uani na simu mkononi, nikamkamata jogoo wetu, nikamgeuza miguu juu, nikalinganisha. Ilikuwa sawasawa.

Jogoo wetu alikuwa ametimiza miaka mitano. Nakumbuka vizuri kwa sababu uliwekewa wewe. Ulipiga simu ukasema mkataba wa kazi huko unakwisha, unarudi kabla ya Ramadhani, na mama akachagua kifaranga mweusi mwenye shingo nyekundu, akatangaza kuwa huyo hachinjwi mpaka mwanawe aingie mlangoni. Ukaahirisha. Idi ikaja, tukanunua kuku wa dukani walioganda, na jogoo wako anatupitia miguuni tunakula. Ukaahirisha tena. Wageni walikuja tukiwa hatuna kitoweo, na mama akashikilia palepale: "Nna jogoo mmoja tu, na huyo wa mwanangu, simgusi." Kumbe mwaka uleule ulioahidi kurudi ndio uliochukua vifaranga vyako.

Na kila Ijumaa alikuuliza swali lilelile. Wewe uliliona mzaha. Mimi nilijua anapima, kwa sababu mama aliamini kuwa mtu hafugi mahali anapopita njia.

"Hebu nambie kweli, unafuga huko?"

"Wallahi mama, sifugi hata kuku. Nikifuga ntashindwa kuondoka."

Hapo alicheka, akanipa simu, na siku nzima iliyobaki anaimba jikoni. Ulimwapia, mdogo wangu. Ulimwapia mama yako huku kuku wako wako nje ya dirisha, wanakungoja uwapelekee mahindi.

Mimi nami niliamini. Nasser alipokuja kuniposa, baba alikuwa keshafariki, na mama alitaka uniozeshe wewe kwa mkono wako. Ungeweza kumwachia mtu uwakala, mambo yakaisha kwa simu moja, lakini mama hakutaka kusikia. "Anakuja," akasema. "Ana nini kule? Hata kuku hana." Nikamwambia Nasser asubiri. Alisubiri miaka miwili, kisha akaoa kwao Sur. Yeye simlaumu. Nakulaumu wewe, na nataka uyasome maneno haya mara mbili.

Mama alipofariki mwaka jana ulifika watu wameshatoka makaburini. Siku ya tatu khitma imesomwa asubuhi, mchana ukaanza kufunga begi. Nilikuona umekaa kwenye busati unatazama kwenye simu hali ya hewa ya kwako. "Leo digrii ishirini chini ya sifuri," ukaniambia. "Lazima nirudi dada, mabomba ya maji yatapasuka." Nikakuonea huruma! Nikakufungia halua na bizari za mama, nikakusindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikarudi kukaa matanga peke yangu, zamu yangu na yako.

Sasa najua ulikuwa unawaza mabomba gani. Na hapa hasira inanichanganya, kwa sababu mama naye asingekubali kuku wake wafe baridi. Ungeniambia ukweli siku ile, begi ningekufungia mimi. Ungemwambia yeye miaka mitano nyuma, "Mama, nimepapenda huku, nimefuga," angelia siku mbili, na siku ya tatu angekuuliza wana rangi gani. Ulichomnyima ni hicho. Kuku wako angewapenda, na amekufa hajui kama wapo.

Swali lako nalijibu. Mama alikuwa akipaka samli kidogo kwa ncha ya kidole, kilemba kikiwa kikavu. Kwa baridi ya huko tafuta mafuta mazito zaidi, uwapake jioni kabla hawajapanda kulala. Na lile tundu la juu usilizibe kwa kuwaonea huruma, unyevu ukibaki ndani ndio utakaowagandisha. Kuku hawajanikosea kitu.

Kuhusu jogoo wako wa hapa. Tangu baba afe, kuku wa nyumba hii anatuchinjia jirani. Jumamosi sikumwita jirani. Nilimchinja mwenyewe, bismillahi. Nilimtia jikoni asubuhi, na mpaka alasiri nyama bado ngumu. Nilikaa uani kwenye mkeka wa mama, nikamla kwa mkate wa kusukuma, na sikumwachia mtu paja. Kisha nikaingia chumbani kwako, nikavua shuka ambazo mama alikuwa akizifua kila mwezi, nikazikunja nikaziweka.

Ile miba yake nimeikata yote miwili. Mmoja nimeuweka kwenye kabati la mama. Wa pili umo humu ndani ya bahasha, nimeufunga kwa kitambaa. Mkamate jogoo wako, umgeuze miguu juu, uulinganishe na wake.

Siku ukija, mlango unaujua. Utakula utakachokikuta.

Dada yako