Gari Lililokusalimia kwa Kijapani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi hapa Kisongo, mikono inanuka grisi na sina hata nguvu ya kwenda kunawa. Gari lako, ile Mark II, limefunguliwa boneti tena. Fundi ameshaacha kunieleza tatizo ni nini, siku hizi ananitazama tu na kutikisa kichwa.

Unakumbuka siku ulipolileta nyumbani Akheri kutoka bandarini Dar? Viti bado vilikuwa na nailoni, na ukatukataza kuitoa. Ulipowasha, sauti nyororo ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Sisi tuliruka. Wewe ukaitika kwa utulivu, "Marahaba," kisha ukatugeukia: "Mmeona? Hata gari la watu limefundishwa adabu." Tangu hapo hukuwahi kuliwasha bila kuitikia. Mama alikucheka mpaka akachoka, mwishowe naye akawa anaitikia.

Aliyekuja kutuharibia ni Zakayo, mtoto wa dada yako, aliyejifunza Kijapani ili atembeze watalii. Alipanda nasi Jumapili moja kwenda kanisani, akaisikia ile sauti, akajikaza asicheke. "Mjomba, huyu mama hakusalimii. Anasema hujaweka kadi." Akatueleza kwamba kule kwa Wajapani barabara kuu hulipiwa kwa kadi inayochomekwa garini. Tena akasema gari kama hili kwao lilikuwa la baba mwenye familia na kazi ya heshima. Likianza kuzeeka, kodi na ukaguzi vinamwelemea, analiuza, na meli inalileta kwetu ambako usukani uko upande uleule. Sote tulikuonea huruma. Wewe ukawasha gari na kusema, "Basi kuna mzee mwenzangu ameniachia. Hiyo marahaba ni yake." Ukaendelea kuitikia vilevile.

Miaka ile Mark II zilijaa Arusha nzima, kila mwalimu mkuu na kila mfanyabiashara alikuwa nayo. Sasa zimebaki za kuhesabika, na nyingi vijana wamezishusha chini na kuzifunga ekzosi za kelele. Lako nimelitunza kama ulivyoliacha, kwa sababu ulipokuwa unaumwa ulinishika mkono ukaniambia, "Mama yako asikose usafiri wake." Neno hilo nimelishika. Lakini Baba, nimechoka. Spea natafuta kwenye magari yaliyokwisha kukatwa. Likizo zangu zinaishia kwenye benchi hili. Elia mdogo wangu kila mara ananiambia tuliuze, nami namjibu kwa ukali.

Juzi nilikuwa nampeleka Mama Kikatiti kwenye kipaimara cha mjukuu wa rafiki yake. Gari likachemsha kabla hatujafika. Tukakaa ndani, milango wazi, tukisubiri lipoe. Mama akawa anajisugua magoti. Nikamuuliza kama yanamsumbua, akasema viti hivi viko chini mno, kuingia na kutoka ni adhabu kwake, tena siku nyingi.

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

Akanishangaa. "Nilifikiri wewe ndiye huwezi kuliacha. Naona unavyohangaika nalo. Nikasema ngoja nipande tu, mtoto asiumie."

Nilicheka, Baba. Halafu nikalia palepale kando ya barabara, malori yakitupita, na Mama akinipigapiga mgongoni kama nilipokuwa mdogo. Tulikuwa tunavumiliana bure, mimi nikilibeba gari kwa ajili yake, yeye akilipanda kwa ajili yangu.

Mnunuzi anakuja Jumamosi. Fundi analiweka sawa lisije likamfia mtu wa watu njiani. Elia atampeleka Mama kanisani kwa gari lake, lile lenye viti vya juu, na Mama amefurahi waziwazi. Nilitegemea na mimi ningejisikia mwepesi. Sivyo nilivyo. Kulihangaikia gari hili ndiyo kazi pekee niliyokuwa bado nakufanyia, na kuanzia Jumamosi sitakuwa na cha kukufanyia tena.

Lala salama, Baba. Niruhusu na mimi nipumzike.

Mwanao wa kwanza