Dawa ya Jino la Chiriku

Bibi, shikamoo. Nimeondoka ukiwa bado unakoroma, na usikatae.

Dawa ya maumivu nimeshampa Chiriku saa moja. Nyingine ni saa saba, akishakula. Kabla ya hapo hata tone asipate! Leo amemeza niliyompa mimi, papo hapo akamwendea baba ameshika shavu, analia, na baba alishafungua kifuniko. Kumbe mdogo wangu kapenda ule utamu. Nilipomnyang'anya baba chupa, nikaitwa katili. Sawa tu.

~~Chupa nimeibeba.~~ Hapana, iko juu ya kabati, maana kuumwa kupo kweli. Daktari alisema jino la utotoni likishatolewa kiini kilichooza, huweza kuuma siku moja mbili. Jana nilimchunguza: akiumwa kweli halii, anakaa kimya na kutafuna upande mmoja.

Kwa hiyo Bibi, akikupigia mayowe, mcheke. Akinyamaza, mwangalie shavu. Likivimba, usingoje saa saba wala usiningoje mimi, mrudishe kwa daktari. Mtoto anayeongea hata usingizini akikaa kimya dakika kumi, hapo mwamini.

Mjukuu wako, mume wa akiba