Garth Kagombana na Saa ya Kompyuta

Shoga, nimeaibishwa mbele ya wazee wote wa klabu. Na Garth! Meneja asiyejua hata kuwasha printa!

Jana huku New South Wales si tumesogeza saa mbele kwa saa moja, kama kila kiangazi? Kompyuta kuu ikabaki na saa ya Queensland, jimbo la ng'ambo ya barabara, wasikosogeza. Badala ya kubadili jimbo kwenye mipangilio, Garth kasogeza saa kwa mkono. Programu ya kulinganisha saa ikairudisha. Kasogeza tena, ikairudisha tena. Basi KAIFUTA!

"Hiki kirusi kinanibishia!" Kinakubishia, Garth??

Leo saa za kompyuta zimepishana, zote zimegoma kufunguka. Wazee wana njaa, kaunta haiuzi. Garth kaninyooshea kidole: "Huyu dada wa kompyuta ndiye katuharibia! Saa nane kwa mwenyekiti, uje na funguo zako."

Funguo zangu, shoga! Anifukuze MIMI!

Nimerudisha programu, nimebadili jimbo, zote zimefunguka. Saa nane niko kwa mwenyekiti, Bi Noeline. Tumemngoja Garth mpaka chai imepoa.

Kaingia saa tisa, kifua mbele. "Nimewahi, eh?"

Noeline kaitazama saa ya mkononi mwa Garth: saa nane kamili. Si anaishi Queensland huyo Garth? Hajaigusa!

"Garth," kasema taratibu, "funguo zako ziko wapi?"