Nilisema "Choma", Kisha Nikakana

Mama Doris, sijui nani kamzidi mwenzake umri, kwa hiyo shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nikichelewa nitakuwa nimeshafanya la kufanya na huenda likawa baya. Mimi ni sajenti mstaafu, mzaliwa wa Mabwerebwere, Kilosa mjini, nilipomaliza jeshi nikanunua shamba Ruhembe nikaanza kulima miwa, na msimu wa juzi wakulima wenzangu wa kikundi wakanichagua mwenyekiti wakisema wamechoka na uzembe, wanataka mtu wa amri, nami nikawapa amri.

Nikaanzisha kuita majina asubuhi pembeni ya shamba, anayechelewa anaruka kichurachura, awe kijana awe na mvi, na nikapiga marufuku maswali baada ya agizo, kwa sababu niliamini kinachoharibu kazi za raia ni maneno mengi. Msimu wa kwanza tulivuna vizuri kuliko vikundi vyote vya jirani, nikasifiwa, nikavimba kichwa, nakiri.

Sasa sikia. Miwa yetu huchomwa kwanza majani yaungue ndipo ikatwe, na ikishaungua lazima ifike kiwandani ndani ya siku mbili hivi, la sivyo utamu unaharibika, kwa hiyo huku hakuna anayewasha moto kabla hajajua malori yako wapi. Zamu yetu ilikuwa Jumanne. Jumatatu jioni Mudathir, ndiye msimamizi wetu wa moto, akaniambia, "Afande, mvua imekata barabara huko juu, malori sijayaona tangu asubuhi, hebu tupige simu kwanza." Watu watatu walikuwa wanasikiliza, nikaona nikikubali nitaonekana nimeshindwa, nikamwambia, "Hapa hakuna mjadala. Choma." Akasema, "Ndiyo, afande," akawasha.

Malori yalikuja siku ya sita. Kiwanda kikaikataa miwa yote ya shamba la pamoja, jasho la familia kumi na moja. Kwenye kikao cha dharura wote wakanitazama mimi, na mdomo wangu huu, Mama Doris, ukasema Mudathir aliwasha moto bila agizo langu. Wale watatu waliosikia wakainamisha vichwa. Mudathir akasimama, akaniangalia, akasema, "Ndiyo, afande," akaketi. Wakamfukuza kikundini. Ekari zake mbili mwenyewe zimefutwa kwenye ratiba ya malori, miwa imesimama na msimu unafungwa baada ya wiki tatu, na mkewe Yusrah akikutana na mke wangu bombani anapita kama hajamwona.

Kinachoniudhi, si angekataa! Angenibishia mbele za watu ningejua la kufanya. Mke wangu Ziada ananiambia, "Uliwafundisha kunyamaza, wamenyamaza, sasa unalia nini?" Nami nakumbuka nikiwa askari mpya nilisahau redio ya mawasiliano porini, kapteni wetu akasimama mbele ya wakubwa akasema kosa ni lake, mimi hakunitaja, na cheo alichokuwa anakingoja hakukipata. Hilo nalikumbuka kila siku na bado sijafungua mdomo. Jumamosi ni uchaguzi na wanataka kunirudisha. Nikisema ukweli, watu hawa wataniheshimu tena? Nikinyamaza, si nitafanya mema zaidi nikiwa kitini, hata kumrudisha Mudathir kimyakimya?

Sajenti, Ruhembe

MAMA DORIS ANAJIBU

Marahaba, Sajenti. Nina miaka sitini na nne, nimeipokea.

Nakuhurumia, kwa sababu najua aibu ilivyo nzito. Huruma yangu inaishia hapo, maana barua yako yote inalilia heshima yako, na ekari za Mudathir umezitaja mara moja tu ukapita.

Usilisingizie jeshi. Baba yangu alikuwa koplo, nimekulia kambini, amri naijua. Askari anatii haraka kwa sababu anaamini mkubwa wake ameuliza kabla ya kuamuru, na kwamba mambo yakiharibika atasimama yeye. Wewe ulistaafu na makelele na kichurachura, hayo mawili ya maana ukayaacha getini. Watu wazima unawarusha kichurachura kwenye shamba lao wenyewe! Hukuona haya?

Nenda kwenye msiba wowote hapo jirani, Kidodi, ukamtazame mama anayeongoza jiko. Hana cheo wala filimbi. Anauliza kama kuni zinatosha, anauliza maji yamefika, binti akimwambia moto umezidi anaupunguza. Wali ukiungua anatoka yeye mwenyewe kwa wafiwa anasema, "Nimewaunguzia, mnivumilie." Binti aliyekuwa anachochea hatajwi. Ndiyo maana msiba ukitokea tena wanamwita yeye, na wanawake wanafika alfajiri bila kuitwa majina.

Eti Mudathir angekataa! Umemfunga mdomo misimu miwili, kisha siku ya kumsingizia unataka awe nao? Na hilo la kumrudisha kimyakimya sitaki hata kulisikia. Ulimchafua hadharani, utamsafisha hadharani.

Fanya hivi. Ijumaa nenda kwake kwa miguu, peke yako, upige hodi, umweleze yeye na Yusrah utakachosema kesho yake. Usiombe msamaha kwa namna ya kumlazimisha akujibu. Akikufungia mlango, ondoka. Jumamosi, kabla ajenda hazijafunguliwa, simama useme: "Mudathir alinionya, nikamwamuru achome, kisha nikamsingizia." Usiweke "lakini". Usitaje mvua. Wale watatu waache, usiwaguse. Halafu mwombe anayepanga ratiba ampe Mudathir malori uliyopangiwa wewe, na miwa yako ikikosa zamu, ikaukie shambani. Jina lako liondolewe kwenye uchaguzi, na wakikupigia makofi kwa kusema ukweli, bado liondolewe.

Umeniuliza kama watakuheshimu tena. Sidhani. Wengine watakutukana, na Mudathir anaweza asikusalimie mpaka mzikane. Nenda hivyo hivyo.