Mwache Amalize

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana najua ulivyochukia salamu isiyoitikiwa.

Huku Lundo hatujambo. Mama ameanza kula vizuri. Mtumbwi wako anautumia Baba Mdogo, na ameshautoboa, kama ulivyosema atafanya. Mbinga mjini kumejaa wanunuzi binafsi wa kahawa, wanawabembeleza wakulima utadhani wanaposa. Ungecheka. Lakini siandiki habari za kahawa. Naandika kwa sababu yule mtu wako wa redioni amekuja chuoni kwetu, kwa miguu yake.

Ndiyo, huyo huyo. Waziri wa nchi ya ng'ambo ya ziwa aliyekuwa akisema kila Jumamosi alasiri kwamba ziwa lote ni lao, mpaka pale mchanga wetu unapoanzia. Miaka yote ile ulikaa mbele ya redio ukibishana naye kwa Kinyasa, majirani wamesimama uani wanakucheka. Nikitaka kuizima unanishika mkono: "Mwache amalize, nimjibu." Akimaliza, unamjibu kwa swali lako lile lile. Wao redioni wanapiga muziki, nawe unanung'unika, "Hasikii huyu," unatoa betri na kuzianika juani. Nilikuwa naona aibu, Baba. Naomba radhi.

Mkuu wa chuo ndiye aliyemwalika, aje atuzungumzie ujirani mwema sisi tunaosomea ualimu. Chuo kikachafuka. Osmundi, mwenyekiti wetu wa wanafunzi, naye mtoto wa ziwani kama mimi, akaitisha mkutano. Alitaka tutie kufuli ukumbini, mgeni akute mlango umefungwa. Na usidhani Osmundi ni mjinga. Kaka yake alipokonywa nyavu na askari wa ng'ambo katikati ya ziwa, akarudi na kasia tu. "Mtu anadai kitanda chako," alituuliza, "wewe unampelekea kiti?" Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kisha nikaona mikono yangu imetangulia kichwa.

Nilikukumbuka, Baba. Miezi mitano tu tangu tukuzike, na mtu uliyemjibu miaka yote bila kukusikia anakuja, halafu tumfungie mlango? Swali lako lingezikwa mara ya pili. Mimi ni katibu wa mdahalo, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusimama, nikasimama, nikawasimulia juu ya redio yetu. Walianza kwa kucheka. Nikasema mgeni aongee mpaka mwisho na asizomewe, ila naye asiondoke kabla ya maswali, na ofisi isiyachuje maswali hayo. Mkuu wa chuo alipoletewa habari baadaye, hilo la kuchuja lilimkunja uso kuliko hata la kufuli, lakini akakubali. Tulipiga kura ya kunyoosha mikono. Upande wangu ulishinda kwa mikono michache, na Osmundi hakunisemesha siku mbili.

Akaja Jumatano. Ni mfupi, Baba. Sauti yote ile inatoka kwa mtu anayenifika begani. Aliongea saa nzima, ramani imetundikwa ukutani, akayarudia yale yale unayoyajua. Walioguna zaidi ni wenzetu wa milimani, Wamatengo ambao hata kuogelea hawajui. Osmundi alikaa mstari wa mbele amekunja mikono. Minong'ono ilipozidi aligeuka akawatazama, wakanyamaza. Nilimpenda kwa hilo.

Muda wa maswali nilisimama wa kwanza. Niliuliza kwa Kinyasa, ambacho hata kwao wanakisema, kwa maneno yako hasa, nilitaka yamwingie bila mkalimani: "Mheshimiwa, usipa wanalala kwenu, asubuhi wanaamkia kwenye nyavu zetu. Mnawapa pasi?"

Alicheka kabla hajajizuia. Wamatengo walipotafsiriwa kwamba usipa ni wale dagaa wetu, nao wakacheka, wamechelewa. Kisha akasoma karatasi yake, wakoloni, mkataba, mstari wa mpaka. Hakubadilisha hata nukta. Osmundi akauliza kuhusu nyavu za kaka yake. Hapo hakucheka, na karatasi haikuwa na kitu. Akasema hajui. Osmundi aliniambia baadaye kwamba kufuli lisingempatia hata hilo "sijui".

Mimi niliona nimeshindwa. Jumamosi nikateremka Lundo. Mama huwasha redio saa ile ile, anasema bila kelele zako nyumba haikaliki. Mtu wako akaanza kusimulia safari yake. Mara akasema, kwa kejeli, kwamba huku kwetu wapo watu wanaouliza kama usipa wana pasi. Akaanza kujibu. Karibu kipindi kizima, Baba, anabishana na wewe. Mama aliweka ungo chini, akaitazama redio, akasema, "Baba Kandida, unaitwa." Tulicheka mpaka machozi, halafu tukalia kweli.

Jibu lenyewe lilikuwa bovu. Katikati Mama alichoka akanyoosha mkono aizime, nikamshika. Nikamwambia maneno yako.

Lala salama, Baba. Betri nimezianika juu ya bati, na nakuahidi Jumamosi hazitaisha nguvu kabla yake. Akimaliza, tutamjibu. Sasa anasikia.

Mwanao,
Kandida