Chupa ya Mwisho Pangoni

Dada Chebet,

Huku Germantown, Marekani, baridi imeanza. Bado namtunza mzee Kwame. Nyuma ya nyumba yake kuna pango la mwamba ambamo marehemu mkewe alihifadhi viazi na divai.

Jana alinituma nikalete chupa ya mwisho ya divai. Nilipoingia, ubaridi ule ulikuwa wa pango letu kule Marakwet, mama alikoweka vibuyu vya maziwa. Nikakaa kwenye jiwe, nikalia.

Mzee akaniuliza kwa Kiswahili chake cha darasani, "Edah, kwa nini macho yako ni mekundu?"

"Mama alizikwa Jumamosi."

Akaimimina divai ya mkewe katika glasi mbili. Unajua sinywi, lakini nilikunywa.

Dada, sikukataa kuja kumzika mama. Nikiondoka bila makaratasi sitaruhusiwa kurudi, na watoto wangu wako hapa. Wajomba wakiuliza, uwajibu utakavyo, ila wasiseme sikumpenda.

Mdogo wako,
Edah